Maji ya Pangani Hayatoki Kwenye Theluji

Hotuba hii niliitoa Moshi, mbele ya wajumbe wa jumuiya za watumia maji waliotoka juu na chini ya mto Pangani, unaolishwa na maji ya mlima Kilimanjaro. Waliokosa kufika wameomba maneno yenyewe, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zetu mliosafiri kutoka Same, Korogwe na Pangani mjini, na ninyi vijana wa shule mliojazana kule nyuma: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Naomba mikono juu. Nani hapa aliambiwa tangu utotoni kwamba maji ya mfongo wa kwao, ule mfereji wa asili, yanatoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro? Naona karibu ukumbi mzima. Na mkono wangu uko juu pia.

Bibi yangu alikuwa akinituma mfongoni alfajiri, kabla zamu ya kihamba chetu, shamba la nyumbani, haijaisha. Nikirudi nikilalamika kwamba maji yana baridi ya kukata vidole, ananijibu: "Yametoka kwa Kibo hayo, jana yalikuwa barafu." Niliamini. Kwa nini nisiamini? Mlima unauona, ni mweupe. Maji unayashika, ni ya baridi. Nimekwenda shule, nimesomea mimea, nimeupanda mlima huu mara nisizozihesabu nikiwa na futi na daftari mkononi, na bado ilinichukua miaka kuliacha jibu la bibi.

Leo nimekuja kuwaomba na ninyi mliache. Ndugu zangu, theluji haitulishi. Inayotulisha ni miti. Na hali ya hewa inapotaka kutunyang'anya maji, haianzii kule kwenye barafu ambako kamera zote zimeelekezwa. Inaanzia kwenye miti, kimyakimya, mahali ambapo hakuna anayepiga picha.

Tuanze na theluji yenyewe, maana ndiyo inayotutia hofu. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, waliikuta barafu imeikumbatia Kibo. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha kilomita za mraba zipatazo 12 za barafu. Ilipopimwa mwaka 2011, zilibaki 1.76. Yaani ukiigawa barafu ile ya 1912 mafungu saba, sita yamekwenda, limebaki moja.

Sasa nijibuni, wazee wa mifongo. Je, maji yenu nayo yamepungua mafungu sita kati ya saba? Najua yamepungua. Najua iko mifongo iliyokauka, najua zamu zimefupishwa, najua wako watu waliofikia kunyanyuliana majembe usiku kwa sababu ya geti moja la maji. Lakini si kwa kiasi hicho. Maji yetu yangekuwa ya theluji, mji huu wa Moshi ungekuwa umeshahama.

Barafu ya Kibo sehemu kubwa haiyeyuki ikawa maji. Kule juu hewa ni kavu mno. Mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 200, chini ya mvua ya nyika tunayoiita kame. Jua likiipiga barafu ile, kiasi kikubwa hugeuka mvuke papo hapo na kupaa bila kugusa jiwe. Kinachoyeyuka na kuteremka kimekadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 1 kwa mwaka. Ishikeni namba hiyo, tutaihitaji.

Na msidhani barafu ilianza kukonda juzi. Ilianza karibu mwaka 1880, kabla gari la kwanza halijaonekana nchi hii, pale hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka na hata Ziwa Victoria likashuka. Joto la siku hizi limekuja kuongezea. Mwaka 2000 mwanasayansi Lonnie Thompson kutoka Marekani aliitoboa barafu ile akakuta chini kabisa umri wake unafika miaka 11,700, na ndani yake tabaka la vumbi lililoachwa na ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Fikirini: vumbi juu ya barafu, mita karibu 5,900 kutoka usawa wa bahari! Nyika ilikuwa imekauka kiasi gani hata upepo ukalibeba vumbi hadi kule? Utabiri wa wakati ule ulisema barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, imekonda. Naipenda barafu ile, na siku itakapokwisha nitalia kama ninavyomlilia mzee wa ukoo. Lakini kiu yetu haitatoka hapo.

Itatoka wapi? Njooni niwapeleke kwenye ukungu.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, nilikuwa juu kidogo ya kambi ya Mandara, mlimani, na wanafunzi wawili. Mvua haikuwepo. Ulikuwepo ukungu tu, ule unaopanda kutoka bondeni kama moshi wa kuni mbichi na kumfuta mwenzako aliye hatua tano mbele yako. Tukakaa kupumzika. Wao walikaa kwenye nyasi, mahali pa wazi. Mimi nikachagua chini ya mti wa erika ili niegemee shina. Tuliponyanyuka, makoti yao yalikuwa na unyevunyevu tu. Mimi nilikuwa nimelowa hadi fulana. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, umenyeshewa wapi?"

Nimenyeshewa wapi? Chini ya mti! Pale pa wazi hakukunyesha, chini ya mti kulinyesha.

Nikatoa kikombe changu cha bati, nikakiweka chini ya tawi moja. Tukala viazi na mayai tuliyobeba. Tulipomaliza, kitako cha kikombe kilikuwa kimefunikwa na maji safi, na mbinguni halikuwa limedondoka hata tone.

Uutazame mti wenyewe kwa karibu. Jani la erika ni kama kijisindano, chembamba, kifupi, na tawi moja lina maelfu. Juu ya matawi zimening'inia ndevu za kijivu, zile ambazo wapagazi huziita ndevu za mzee, na shina limevaa mimea laini kama sufu ambayo ukiifinya mkononi inatoa maji kama sponji. Ukungu unapopita, kila kijisindano kinashika punje ndogo kuliko ncha ya sindano. Punje inaungana na mwenzake, zinakuwa tone, tone linateleza, linadondoka. Mvua inangoja wingu lilegee lenyewe. Erika hangoji, analikamua.

Sasa ile namba. Barafu inatupa mita za ujazo milioni 1 kwa mwaka. Ukiipima kwa ndoo ya lita 20, ni ndoo milioni 50. Si haba. Lakini Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alikadiria kwamba misitu ya juu iliyokwisha kuungua katika mlima huu imetukosesha maji ya ukungu yapatayo mita za ujazo milioni 20 kila mwaka. Hizo ni ndoo bilioni 1! Ndoo bilioni 1 kila mwaka, zinapita juu ya vichwa vyetu katika wingu na hakuna wa kuzishika. Ni maji yanayoweza kuwatosha watu milioni 1 kwa matumizi ya nyumbani mwaka mzima, na hiyo ni hesabu ya miti iliyoondoka tu. Haihusu iliyobaki.

Chini ya ukanda wa erika kuna msitu mkubwa, msitu wa mikulo na mipodo, na upande wa kusini, karibu na mita 2,200, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo ndipo mlima unapokunywa. Kuna makadirio yanayotajwa mara nyingi na wataalamu wa maji kwamba asilimia 96 ya maji yanayoteremka kutoka Kilimanjaro chanzo chake ni ukanda wa msitu. Maji yanazama kwenye udongo ule mweusi, yanapita ndani ya mawe ya volkano, yanakuja kutokea chemchemi huku chini. Na baridi yake? Yameipata ardhini, bibi yangu. Hayakuipata kwenye barafu.

Mtaniuliza: basi kama ni miti, hali ya hewa inaingiaje? Miti si iko palepale?

Hapana. Miti inahama.

Sisemi kwa mafumbo. Ukipanda mita 100, joto hushuka kwa karibu nyuzi 0.6. Ndiyo maana mlima huu umevaa mimea kwa mikanda: kihamba, msitu, erika, kisha nyasi na mimea ya senesio, kisha mawe. Kila mkanda unakaa kwenye joto na unyevu wake. Joto likibadilika, mkanda unahamia pengine. Mti mmoja hauwezi kutembea, lakini mbegu zake hutembea, na wajukuu zake huota mahali ambapo yeye asingeota.

Tunajuaje? Mlima umeandika daftari, na liko sehemu mbili. La kwanza liko Ziwa Challa, pale mpakani na Kenya, upande wa mashariki. Wengi mmelifika. Ziwa lile halina mto wa maana unaoingia, linakunywa chini kwa chini mvua iliyonyesha msituni kwetu. Kwenye sakafu yake tope linajipanga kwa tabaka jembamba jembamba, jeupe la msimu wa upepo na baridi, jeusi la msimu wa mvua, jeupe, jeusi, mwaka hadi mwaka, kama pete za mti. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba hapo na kutoa zaidi ya mita 200 za tope, kumbukumbu ya miaka ipatayo 250,000.

Daftari la pili liko Maundi, ile kasoko ndogo karibu na kambi ya Mandara ambayo wageni huenda kutembea jioni. Katika tope lake kuna chavua, ule unga wa maua, ya mimea ya miaka kama 90,000. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoweka jicho kwenye hadubini kutazama chavua ya mlima huu. Nilidhani nitaona vumbi. Nikaona sura! Chavua ya mpodo ina vifuko viwili vya hewa, huku na huku, kama uso wenye masikio makubwa. Chavua ya erika huja nne nne, zimeshikana kama vitumbua vilivyogandana kwenye kikaango. Jani limeoza, shina limeoza, lakini kile kijivumbi kimekaa maelfu ya miaka na ukikitazama unakijua kwa jina. Nilikaa pale hadi mlinzi akaja kuzima taa.

Kurasa hizo zinasemaje? Kwamba miaka kama 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi, mikanda ya mimea katika milima ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshuka karibu mita 1,000. Mahali ambapo leo unasimama msituni, kivuli totoro, tumbili juu ya kichwa chako, palikuwa pa wazi, nyasi na vichaka vya baridi. Hewa ya ukaa nayo ilikuwa kidogo, na hewa hiyo ikiwa kidogo nyasi hupata nguvu dhidi ya miti. Kisha dunia ikapata joto, mvua ikarudi, msitu ukapanda, ukashika mlima. Kisha ukame, ukarudi nyuma. Kisha mvua tena. Msitu wa mlima huu ni msafiri wa siku nyingi.

Lakini sikilizeni vizuri. Safari zile zilichukua maelfu ya miaka. Msitu ulipewa muda wa kufungasha.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonileta hapa.

Kwa kanuni niliyowaeleza, joto likipanda nyuzi 1, mikanda ingepaswa kupanda mlima, mita kama 150 au 170. Dunia imepata joto. Basi mtu yeyote aliyesoma kanuni angetabiri kwamba mpaka wa juu wa miti Kilimanjaro umepanda. Nilitabiri hivyo mwenyewe nikiwa mwanafunzi, nikaandika kwenye mtihani, na nikapewa alama.

Mpaka haukupanda. Umeshuka!

Hemp alilinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na za mwaka 2000. Mwaka 1976 misitu ya erika ilikuwa takriban kilomita za mraba 187. Mwaka 2000 zilibaki kama 32. Mpaka wa juu wa msitu umeteremka mamia ya mita, ukiwa umekwenda kinyume kabisa na joto. Ni nini kilichouteremsha?

Moto.

Wazee wetu walitusimulia kwamba Mawenzi, kilele jirani, alizimikiwa na jiko, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Alipewa mara ya kwanza, akarudi tena na tena, hadi Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi amebaki na kichwa kilichochongoka. Mimi hadithi ile ilinichekesha utotoni. Leo nikiikumbuka nafikiri: hata wahenga walipoutazama mlima wa theluji, walichoona kikigombaniwa kule juu ni moto.

Tarehe 11 Oktoba 2020, siku ya Jumapili, moto uliwaka eneo la Whona, mahali pa mapumziko ya wageni kati ya kambi za Mandara na Horombo. Mnaukumbuka. Usiku tulitoka nje ya nyumba tukauona mstari mwekundu ukitambaa mlimani, na wengi tulisimama barabarani bila kusema neno. Mamia ya watu walipanda kuuzima, askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, wanavijiji wenye matawi mikononi. Kilomita za mraba zipatazo 95 zilipitiwa na moto ule.

Niliporudi pale mwaka uliofuata, nilikuwa na kile kikombe changu cha bati. Sikupanga, kilikuwa tu kwenye begi. Mashina ya erika yalikuwa yamesimama meusi, na upepo ukipita yanatoa sauti kama vijiti vya kuchokonolea mkaa vikigongana. Ardhi ilikuwa laini ya majivu, mguu unazama hadi kifundoni. Saa saba mchana ukungu ukapanda kutoka bondeni, uleule, mzito uleule. Ukapita kati ya mashina. Haukusimama popote. Nikaweka kikombe chini ya tawi jeusi, nikakaa kando yake muda mrefu kuliko nilivyokaa siku ile ya viazi na mayai.

Kikombe kilibaki kikavu.

Ndugu zangu, nimesoma majedwali mengi maishani mwangu. Hakuna hata moja lililonieleza jambo hili kama kikombe kile.

Mtasema: lakini moto unawashwa na watu, mbona unaisingizia hali ya hewa? Swali zuri, na ni la haki. Ni kweli, mara nyingi moto wa kule juu huanzia mkononi mwa mtu: mrina asali aliyeacha kienge, yaani mwenge wa majani, jiko la mpishi, sigara, mtu anayetafuta majani mabichi ya mifugo. Lakini watu wamerina asali katika mlima huu vizazi na vizazi. Kienge kilekile, kikianguka kwenye msitu uliolowa, kinafuka kidogo na kufa. Kikianguka kwenye msitu uliokaa miezi mitano bila mvua, kinakula bonde zima. Erika ana mafuta ndani ya majani yake, anawaka hata akiwa mbichi. Kiberiti ni cha mtu. Ukavu ni wa tabianchi. Vikikutana viwili hivyo, mkanda wa miti ambao ungepaswa kupanda unateremka.

Na ukavu huo unatoka wapi? Hili nitalipitia haraka, maana wenzetu wa hali ya hewa wanalieleza vizuri kuniliko. Mvua zetu za vuli zinaamuliwa sana na Bahari ya Hindi. Maji yakipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli hufurika: ndivyo ilivyokuwa 1961, ndivyo 1997, ndivyo 2019. Mambo yakigeuka, na La Niña, ile hali ya maji kupoa, ikiwa imeshika kule Pasifiki, vuli hukauka, kama tulivyoona kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, msimu baada ya msimu. Sasa uutazame mlima kwa jicho la moto: mwaka wa mafuriko unakuza majani na vichaka kwa wingi, mwaka wa ukame unavikausha. Wa kwanza unakusanya kuni, wa pili unazianika. Ndiyo maana nasema wastani wa mvua wa miaka 30 haunitoshi. Nataka kujua mvua imepangikaje. Miaka miwili inaweza kuwa na wastani mzuri na bado ikachoma msitu uliosimama karne nzima.

Kuna jambo lingine linalopotosha watu wenye nia njema. Siku hizi mtu yeyote anaweza kufungua picha ya setilaiti, akaona rangi ya kijani, akasema, "Mbona mlima unarudi? Palipoungua pamekuwa kijani!" Ni kweli pamekuwa kijani. Erika mwingine huchipua shinani, vichaka vinaota, nyasi zinafunga ardhi. Nafurahi kuviona. Lakini kichaka kinachonifika gotini hakishiki ukungu kama mti wa mita kumi uliovaa ndevu. Rangi ni moja, kazi si moja. Na kichaka kile kikiungua tena kabla hakijawa mti, na tena, na tena, hatimaye hakirudi kichaka, zinarudi nyasi. Vijana mtakaosomea mambo haya, naomba sana: mkiiona kijani, ulizeni ina urefu gani.

Tusiitwishe tabianchi kila dhambi pia. Mikulo iliyopasuliwa mbao usiku tulipasua sisi, kabla msitu haujaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na hata baadaye. Ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani, tumeukata kuliko unavyoota. Kinamasi cha Kirua, chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu, kilikonda kwa sababu bwawa hilo, lililojengwa miaka ya 1960, lilizuia mafuriko yaliyokuwa yakikinywesha. Mvua haina lawama hapo. Mtaalamu anayetupa kila badiliko kwenye kapu la tabianchi anatunyima nafasi ya kurekebisha lile lililo mikononi mwetu. Ninalibagua kwa makusudi: mpaka wa chini wa msitu, aliyeusukuma ni jembe na shoka. Mpaka wa juu, aliyeusukuma ni ukame na moto.

Na bado kuna cha kulinda. Katika bonde moja la upande wa kusini umesimama mti uliopimwa mita 81.5, ukatangazwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika. Uliota karne kadhaa kabla Meyer hajazaliwa. Umepita ukame mwingi mno. Umeokolewa na bonde lenye unyevu, basi.

Nizungumze na ndugu zetu wa chini. Mama mmoja kutoka Pangani mjini aliniambia asubuhi hii, tukinywa chai, kwamba siku za kiangazi maji ya chumvi yanapanda mtoni hadi mahali ambapo mama yake alikuwa akiteka ya kunywa. Mama, nakushukuru kwa kulisema. Mto ukikosa nguvu ya kuisukuma bahari, bahari inaingia. Kati ya kikombe changu kikavu kule juu ya Mandara na ndoo yako yenye chumvi kuna Nyumba ya Mungu, kuna mashamba ya Chekereni na ya Korogwe, kuna mitambo ya Hale na Pangani inayosubiri maji ili taa ziwake Tanga. Kila mmoja anateka kabla yako. Lakini mwanzo ni uleule: punje ya ukungu na kijisindano cha kuishika.

Ndiyo maana leo sikuja na ombi la kupanda miche. Miche tunapanda, tuendelee. Erika wa mita 3,000 haoteshwi kwenye kiriba akapelekwa kwa gari. Anataka kitu kimoja: asiungue kwa miaka mingi mfululizo. Wa kumlinda ni yule anayejua wiki ipi msitu umekauka kiasi cha kuwaka, akawahi kuwaambia warina asali, wapishi, waongozaji na askari. Na sasa hivi hatujui wiki hiyo, kwa sababu vipimo vya mvua mlimani ni vichache, na vilivyoko havisomwi kila siku.

Nimekuja na vipimamvua 40 vya plastiki na madaftari 40. Viko kwenye meza ile pale mlangoni. Kila daftari lina safu nne: tarehe, milimita, ukungu ulikuwepo au haukuwepo, na moshi umeonekana wapi. Unasoma saa tatu asubuhi, unaandika, unatuma kwa simu Jumapili. Hata siku isiyo na mvua unaandika sifuri. Sifuri ndiyo ninayoihitaji kuliko zote, maana sifuri zikifuatana thelathini, hapo ndipo tunapigiana simu. Nataka kwanza vijiji vilivyopakana na msitu, Rombo hadi Siha, kisha wa chini. Vijana wa shule, watano wenu mkipokezana, hata likizo, mtaweza.

Mama wa Pangani, la kwako nimeliweka kando. Lina safu ya tano, ya chumvi.